Banda Lisiloita Mtu

Mpwa wangu alikuwa na miaka sita siku tulipompeleka kwenye sherehe ya kufunga mwaka wa masomo, katika uwanja mmoja wa Bel-Air. Ilikuwa mwisho wa Juni, asubuhi ya baridi ile ya kiangazi cha Lubumbashi inayowafanya akina mama wavae sweta juu ya kikwembe. Waandaaji walikuwa wamejitahidi: maturubai, viti vya plastiki vya kukodi, spika mbili zenye kimo cha mtu, na jenereta kwa sababu umeme ulikuwa umekatika tangu usiku. Muziki ulipofunguliwa, mtoto aliziba masikio kwa mikono yote miwili. Mshika kipaza sauti alipoanza kuita majina, mtoto alimponyoka mama yake, akakimbia mpaka chini ya lori lililoegeshwa kando ya barabara, akajikunja kati ya magurudumu, akakataa kutoka.

Tulimbembeleza karibu saa nzima. Watu walikusanyika. Mmoja alisema mtoto huyu hajafunzwa adabu. Mwingine, kwa sauti ya chini iliyokusudiwa isikike, alimshauri dada yangu ampeleke akaombewe, kwa kuwa mtoto "ana kitu". Dada yangu hakujibu. Tangu siku ile hakumpeleka tena kwenye sherehe yoyote, na yeye mwenyewe akaacha kwenda.

Ilinichukua miaka kutambua kwamba mtoto alikuwa amechagua vizuri. Chini ya lori palikuwa na kivuli. Paa lilikuwa fupi, magurudumu yalimkinga pande mbili, na kutoka pale aliweza kuona miguu ya kila aliyekaribia bila kulazimika kumtazama mtu usoni. Angeweza kutoka upande wowote. Alikuwa amejipatia, ndani ya sekunde chache, karibu kila kitu ambacho mahali pa utulivu panahitaji, isipokuwa usalama. Sura hii inaeleza namna ya kumjengea mahali hapo kwa makusudi: banda dogo la siku moja au mbili, linalosimamishwa pembeni mwa sherehe, maonyesho au mkutano wa kanisa, ili aliyelemewa na kelele na msongamano apate pa kupumua kisha arudi kwa wenzake.

Watu ninaowazungumzia wameandikwa vitabuni kwa muda mrefu. Daktari Grunya Sukhareva wa Moscow alieleza habari za wavulana sita wa namna hii mwaka 1925. Leo Kanner wa Baltimore akaeleza watoto 11 mwaka 1943, na maelezo yake ndiyo yaliyoenea duniani. Kiswahili kimepata neno usonji. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Katika sherehe ya watu 400, hao ni watatu. Waongeze wale ambao umakini wao hautulii, wenye kifafa, wenye ulemavu wa kujifunza, na wale ambao hakuna daktari aliyewahi kuwapa jina. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Judy Singer wa Australia alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuandika kwamba akili za binadamu zina anuwai kama ilivyo anuwai ya viumbe, na kwamba jamii ndiyo inayopaswa kujipanga upya. Nakubaliana naye, na nadhani mahali pazuri pa kuanzia kujipanga ni uwanja wa sherehe.

Kinachotokea mwilini ni rahisi kukieleza kwa mtu wa mji huu. Wewe ukikaa karibu na jenereta, baada ya dakika chache akili yako inaisukuma nyuma na mazungumzo yanaendelea. Kwa mpwa wangu jenereta hairudi nyuma. Inabaki mbele pamoja na spika, pamoja na mshono wa shati unaomkwaruza shingo, pamoja na harufu ya mafuta ya kukaangia na jua linalometa juu ya mabati, vyote kwa nguvu ile ile na kwa wakati mmoja. Mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliingiza rasmi tofauti hizi za hisi miongoni mwa dalili za usonji. Akina mama walikuwa wanazijua zamani.

Bel-Air ni mtaa wa komuni ya Kampemba. Jina lake kwa Kifaransa maana yake ni hewa nzuri. Ni sehemu ya mji ulioanzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, ukaitwa Élisabethville, na tangu mwaka 1966 unaitwa Lubumbashi. Mji wa mafundi wanaojua kuchomelea, kukunja bati na kusimamisha kitu kikasimama. Kuhusu mabanda ya muda tuna uzoefu mkubwa. Kila mwaka kampuni za madini hukutana hapa kwa DRC Mining Week, na mabanda yao hushindana kwa skrini na taa. Wasanii wa kituo cha Picha, walioanzisha Biennale ya Lubumbashi mwaka 2008, wamezoea kuugeuza ukumbi au ua kuwa mahali pengine kabisa kwa wiki chache. Ujuzi upo. Kinachotakiwa ni kuutumia kinyume na desturi yake, maana banda la kawaida hujengwa ili limvute mpita njia, na hili letu linajengwa lisimvute mtu yeyote. Kila kitu ndani yake kinapimwa kwa swali moja: hiki kinapunguza nini?

Jambo la kwanza ni mahali, na hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa kuwa pembe hugawiwa mwisho, baada ya wauza vinywaji na wafadhili kuchukua zao. Banda la utulivu likiwekwa mita tano kutoka kwenye spika, hakuna pazia litakaloliokoa. Nimeona watu wakining'iniza vikwembe viwili vitatu wakidhani wamezuia sauti. Kitambaa hupunguza mwangwi wa ndani. Kelele inayotoka nje hupita ndani yake kama upepo. Kinachozuia kelele ni vitu vitatu tu: kuizima, umbali, na ukuta mzito.

Umbali una hesabu yake. Katika uwanja wazi, kila ukiuzidisha umbali mara mbili kutoka kwenye spika, sauti hushuka kwa takriban desibeli 6. Kutoka mita 5 hadi 10, sita; hadi 20, sita nyingine; hadi 40, sita tena. Jumla ni desibeli 18, na kwa masikio ya binadamu kila desibeli 10 zinazopungua husikika kama sauti imekatwa nusu. Hatua hamsini, basi, zinafanya kazi ambayo mapazia hayaiwezi, na hazina gharama.

Ukuta nao tunao. Viwanja vingi vya hapa vimezungushiwa matofali ya kuchoma, mengi yakiwa yamefinyangwa kwa udongo wa vichuguu vile virefu vya Katanga. Ukuta wa tofali hurudisha sauti vizuri kuliko kitu chochote utakachokodi. Banda likae nyuma yake, upande ambao spika zimeupa mgongo. Mwambie fundi wa muziki mapema ageuze spika, kabla hajafunga nyaya, kwa sababu baada ya hapo atakataa. Na jenereta isiwe jirani. Banda hili halihitaji umeme: ni la mchana, na mchana Mungu ametupa mwanga wa kutosha.

Mwanga huo una upande wake. Lubumbashi iko karibu digrii 12 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi wa Juni na Julai, msimu wa sherehe za shule na harusi, jua la adhuhuri huelekea kaskazini. Banda likiwa na mlango wa kaskazini, jua litampiga mtoto machoni mchana kutwa. Geuza mlango utazame kusini, na ndani utapata mwanga mpole unaotoka angani bila jua lenyewe. Ukilazimika kutumia chumba chenye taa ndefu za zamani, zizime. Taa hizo humetameta mara mia kwa sekunde; wengi wetu hatuoni, lakini wapo wanaoona, na umeme unapopungua nguvu hata sisi tunaona.

Sasa turubai. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ni jambo ambalo vitabu vya Ulaya haviwezi kulijua. Katika mitaa yetu, turubai lililofungwa nje na viti vya plastiki vilivyopangwa safu vina maana moja kabla ya nyingine yoyote: matanga. Kila mtoto wa Bel-Air ameshawahi kukaa chini ya turubai la namna hiyo akisikia watu wazima wakilia usiku. Mtoto ambaye kumbukumbu yake hushika mambo kwa picha, akiliona tena, anaweza kuanza kumtafuta maiti. Kwa hiyo vunja sura ile. Usipange viti kwa safu. Shusha paa upande mmoja ili banda liwe na umbo la kibanda cha shambani. Weka mkeka, magodoro mawili madogo, viti vichache vya mbao vinavyotazama pande tofauti. Mtu mzima akipita aseme, hapa hapana msiba.

Rangi ya turubai ni jambo la pili. Lile la plastiki ya bluu, tunalolijua sote, hugeuza kila kilicho chini yake kuwa cha bluu: mikono, maji ndani ya kikombe, uso wa mama. Mtoto anayetegemea uso wa mama yake usibadilike hawezi kutulia chini yake. Jeupe jembamba nalo huwaka kama taa saa sita. Chukua turubai zito la rangi ya mchanga au kijani kilichofifia, na kama hulipati, tandaza shuka nene la kahawia chini ya lile la bluu. Kuta ziwe za rangi moja. Vikwembe vyetu ni vizuri mno, lakini michoro yake ni mikubwa na rangi zake zinapiga kelele. Vitumie kufungia vitu vingine.

Ukubwa wa mita tatu kwa nne unatosha. Mlango uwe na upana wa sentimita 90 angalau ili kiti cha magurudumu kipite, na katikati ibaki nafasi ya mita moja na nusu ya kugeukia. Wenye baiskeli za miguu mitatu za kuendesha kwa mikono, ambao ni wengi nchini mwetu, watahitaji zaidi ya hapo, hivyo upande mmoja wa turubai uweze kukunjwa wote. Kamba za turubai ndizo zinazowaangusha watu. Zifunge vitambaa vyeupe ili zionekane. Anayekaribia aweze kuona ndani yote kabla hajaingia, maana chumba kisichoonekana kinatisha. Na aliyeketi ndani awe na ukuta mgongoni na njia ya kutokea mbele ya macho yake. Nadhani hili ndilo sharti kubwa kuliko yote ya ujenzi. Mtu anayejua kwamba anaweza kutoka hana haraka ya kutoka.

Katika kona moja weka mahali pa kujikunja: paa la pili fupi, la kimo cha meza, lenye godoro chini. Meza yenyewe iliyofunikwa blanketi inafaa. Hilo ndilo lori la mpwa wangu, bila magurudumu.

Wapo wanaotulizwa na uzito mwilini. Temple Grandin, profesa wa sayansi ya wanyama huko Marekani mwenye usonji, alijitengenezea akiwa kijana kifaa cha mbao cha kumbana mwili, baada ya kuona kwenye shamba la shangazi yake jinsi ng'ombe wanavyotulia wakibanwa kwenye kizuizi cha chanjo. Watu wanaosimulia habari hiyo husahau sehemu yake muhimu: mpini wa kukaza na kulegeza ulikuwa mkononi mwake mwenyewe. Sisi hatuhitaji kifaa. Shona mfuko bapa wa kitambaa kizito, ujaze maharage makavu kilo moja au moja na nusu, ugawe kwa mishono ili maharage yasikimbilie upande mmoja, na mtoto auweke mapajani mwenyewe. Usimwekee wewe. Mfuko usiwe mzito kiasi cha yeye kushindwa kuuondoa, usifike usoni, na asilale nao.

Mikono inapenda kazi. Kituo kilichojulikana kwa vyumba vya hisi ni De Hartenberg huko Uholanzi, ambako Jan Hulsegge na Ad Verheul, katika miaka ya 1970, walitengeneza vyumba walivyoviita Snoezelen. Leo vyumba hivyo vinauzwa na mirija ya mapovu na nyuzi za taa kwa bei ya gari. Usihuzunike kwamba huna. Watoto wa Katanga wameendesha magari ya waya tangu zamani, na gurudumu la waya linalozungushwa kwa kidole linafanya kazi ile ile. Kipande cha sufi, brashi laini, kamba yenye mafundo, ganda la kibuyu lililosuguliwa: vyote vinapatikana sokoni.

Kuna kimoja kinachovutia sana ambacho nakiogopa. Malakaiti, jiwe letu la kijani lenye mistari, ni baridi, zito na laini kiganjani, na nimeona mtu mzima mwenye wasiwasi akitulia kwa kulishika tu. Lakini ni madini ya shaba. Watoto wengi ninaowafikiria hapa huweka kila kitu mdomoni, kwa hiyo jiwe hilo libaki kwa watu wazima. Vivyo hivyo mchanga. Sinia la mchanga wa kuchezea ni tulizo kubwa, ila usiuchote popote. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walichapisha utafiti uliokuta kobalti na metali nyingine kwa wingi katika mkojo wa wakazi wa Katanga, hasa wanaoishi karibu na migodi na viyeyusho. Vumbi letu si la kuchezea. Tumia mchele au mahindi makavu badala ya mchanga, na kwa wadogo sana acha kabisa vitu vidogo vinavyoweza kuwakaba.

Harufu nitaipita haraka kwa sababu dawa yake ni moja: usiongeze. Usipake rangi mpya. Usinyunyize marashi wala dawa ya mbu siku hiyo. Kaa mbali na makaa yanayochoma samaki. Wahudumu wasijipulizie manukato. Kiangazi, mwagia ardhi maji kidogo alfajiri ili vumbi lilale. Masika, usijenge chini ya mabati, kwa kuwa mvua ya Januari juu ya bati hushinda spika yoyote.

Maneno na picha vinataka uangalifu zaidi. Mwalimu wa Marekani Carol Gray alianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuwaandikia wanafunzi wenye usonji visa vifupi vinavyoeleza kitakachotokea kabla hakijatokea. Hapa tuna chombo cha kufanya hivyo mkononi: simu. Siku mbili kabla ya sherehe, piga picha nne za banda lenyewe na watu wenyewe watakaokuwepo, uwatumie wazazi kwa WhatsApp. Hapa utaingia. Huyu ndiye atakayekuwepo. Hapa utakaa. Hapa utatokea. Picha zile zile uzibandike mlangoni kwa mpangilio ule ule, kwenye kimo cha macho ya mtoto. Zisiwe michoro iliyochukuliwa kwenye intaneti yenye nyumba za ng'ambo na watoto wasiofanana naye. Na maandishi yawe maneno ya nyumbani. Mtoto wa Bel-Air hunywa mayi. Akisoma "maji" anaweza kusimama kujiuliza, na "eau" ya darasani humkumbusha mtihani. Andika mayi. Kitabu cha sarufi hakijaalikwa kwenye banda hili.

Nimefika kwenye jambo gumu, nalo ni bango la mlangoni. Mwaka 2016 uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza, ulianza kuwapa wasafiri wenye ulemavu usioonekana utepe wa kijani wenye maua ya alizeti wauvae shingoni, na utepe huo umesambaa katika nchi nyingi. Ni wazo jema kule. Kwetu nisingemvisha mtoto alama yoyote. Nchi yetu ina watoto waliofukuzwa nyumbani kwa kuitwa wachawi, ndoki, na mara nyingi aliyeshukiwa ni yule asiyeongea, anayeanguka kifafa, anayezungumza peke yake usiku. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu kumsingizia mtoto uchawi, lakini sheria haiingii katika mnong'ono wa watu waliozunguka lori. Banda lenye maandishi "kwa watoto wenye matatizo ya akili" litakuwa limewakusanya mahali pamoja ili wanyooshewe kidole.

Kwa hiyo andika tu: Pa kupumzika. Mruhusu kila mtu. Mama mjamzito aliyechoka aingie, mzee anayeumwa kichwa aingie, mtoto mwenye usonji aingie, wote kwa mlango mmoja. Kinacholindwa ni masharti ya ndani: sauti ya chini, simu zisilie, hakuna kupiga picha, na aliyelemewa zaidi hupishwa. Wapo watakaosema nafasi itajaa watu wasioihitaji. Jibu langu ni kwamba mahali ambapo hakuna muziki, chakula wala wa kuzungumza naye hapajai katika sherehe ya Lubumbashi. Anayebaki pale ana sababu ya kubaki.

Wahudumu wawe wawili kwa zamu, na ikiwezekana mmoja awe mzazi aliyepitia hali hii. Wasivae sare, kwa kuwa sare kwetu ni ya askari au mlinzi. Kazi yao ngumu itakuwa kuacha kufanya mambo ambayo malezi yetu yamewafundisha. Kwetu mtoto anayeingia bila kusalimia amewaaibisha wazazi wake, na mtu mzima mwema humwita, humshika mkono, humuuliza jina. Hapa mhudumu humsalimia mzazi kwa sauti ndogo, "Jambo, mama," kisha huketi chini, pembeni, asiwe amesimama juu ya mtu. Mtoto hasalimiwi mpaka aanze yeye. Haguswi. Haulizwi anaumwa nini. Akitaka kuzunguka nguzo mara thelathini, aizunguke. Mhudumu amwonyeshe tu kikombe cha maji na picha ya mlango wa kutokea, basi.

Mhudumu ajue pia la kufanya mtu akianguka kifafa: atazame saa, amlaze kwa ubavu, aondoe vitu vigumu karibu naye, asimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, asimshikilie kwa nguvu. Degedege likipita dakika tano, gari litafutwe aende hospitali. Namba ya dereva iwe imeandikwa ukutani tangu asubuhi.

Karibu na mlango, kwa ndani, weka kiti kimoja kizuri kuliko vingine vyote, chenye mto na mgongo wa kuegemea. Ni cha mama. Katika michoro ya mabanda haya niliyowahi kuiona, kila kitu kimepimwa kwa mtoto, na mzazi amesimama. Dada yangu siku ile alisimama saa nzima kando ya lori mbele ya watu, na hakuna aliyempa kiti. Mama akiketi, mabega yake yakishuka, mtoto huona. Mpe maji, umwache anyamaze. Akitaka kuzungumza, mhudumu awe na majina ya mahali pa kuulizia msaada. Mjini tuna kituo cha Joseph Guislain kinachohudumia wenye maradhi ya neva na akili. Lakini mhudumu asimsukumie mama karatasi mkononi. Amekuja kupumzika.

Wakati wa kutoka hauamuliwi na saa ya mtu mwingine. Ukiwa na foleni, tumia chupa mbili zilizounganishwa midomo, zenye mchele unaoshuka taratibu, ili anayesubiri na aliye ndani waone muda kwa macho badala ya kuambiwa "bado kidogo". Mwingine atakaa dakika tano akarudi kucheza. Mwingine atakaa mpaka sherehe iishe, na kwake hiyo ndiyo itakuwa sherehe: kusikia muziki kwa mbali, akiwa na wenzake wa mtaa mmoja, bila kuumia.

Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2015, na tarehe 3 Mei 2022 ikapata sheria yake yenyewe, namba 22/003, inayolinda na kukuza haki hizo. Katiba ya mwaka 2006, ibara ya 49, ilikuwa imeshasema kwamba mtu mwenye ulemavu anastahili hatua maalumu za ulinzi. Nazitaja kwa sababu mwandaaji wa sherehe anaweza kudhani tunamwomba hisani. Turubai moja, magodoro mawili, kilo kadhaa za maharage na wahudumu wawili wanaojua kunyamaza ni sehemu ndogo sana ya bajeti ya spika.

Ninawaomba, basi, wakuu wa shule, wachungaji, mapadri, wenyeviti wa vyama na wote mnaopanga sherehe za Bel-Air: siku mnapochora ramani ya uwanja, kabla hamjawagawia wauza vinywaji na wafadhili, tembeeni kwanza hatua hamsini kutoka mahali pa spika, mpaka nyuma ya ukuta. Pigeni kigingi hapo, na mpigieni simu mama mmoja ambaye ameacha kuja, mkamwonyeshe.